Siku moja ya masika kwenye kamati ya maafa ya mtaa, bonde la Msimbazi

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai, utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya rangi kuna mistari miwili ambayo wengi huiruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa hausemi "haitanyesha". Unasema ikinyesha itaumiza. Angalia na tarehe, maana ramani inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi ni ya juzi.

Halafu bahari. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa Dar es Salaam hujaa mida ya saa 10, alfajiri na jioni. Msimbazi unamwaga maji yake pale Daraja la Selander, na bahari ikishajaa mto hauna pa kutokea, unatanda eneo la Jangwani. Mvua hiyohiyo ikikuta maji yamekupwa inaweza kupita bila mtu kuhama.

Saa 1 asubuhi. Mitaro. Koleo, reki, gambuti. Kalavati haizibwi na mchanga mwanzoni. Hukwama tairi au kipande cha godoro, kisha chupa na mifuko hujishika hapo, na mchanga huja mwisho kufunga kazi. Anzia mdomo wa chini, maji yanakotokea, ili yakifunguka yasikuvute ndani, na usiingie kwenye kalavati hata kama maji ni ya kifundo. Taka zilizotolewa zibebwe siku ileile. Zikiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inazirudisha.

Saa 3 kamili. Kipima mvua husomwa saa hii kila siku, inyeshe isinyeshe, maana sifuri nayo ni taarifa. Kikae mbali na ukuta au mti kwa angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Cha kujitengenezea kinafaa pia: kata chupa ya lita 1.5 yenye pande zilizonyooka pale inapoanza kubana, geuza kichwa chake kiwe faneli, tia kokoto chini, mimina maji hadi yafunike sehemu iliyojipinda, piga mstari. Huo mstari ndio sifuri. Juu yake pima kwa rula. Weka jicho usawa wa maji, soma sehemu ya chini ya mbonyeo, pale uso wa maji unapobonyea katikati. Makosa ya kawaida ni jani kwenye faneli, chupa kuinama, na watoto kumimina maji yao (kipimo kikisoma milimita 90 siku ya jua, ulizia watoto kwanza).

Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Milimita 60 juu ya bati la mita za mraba 30 ni lita 1,800, yaani mapipa 9 ya lita 200 kutoka nyumba moja. Mtu akipigiwa hesabu hivyo huelewa haraka kuliko akiambiwa "mvua kubwa", ambayo kwa TMA ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24.

Ila namba inayotuhusu zaidi haitoki hapa. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na Kisarawe, kwa hiyo Kigogo, huku bondeni, panaweza kuwa na jua la kuanika nguo huku mto unakuja. Inapigwa simu kwa mtu anayekaa huko juu mto unakotoka: imenyesha tangu saa ngapi, bado inanyesha? Daftari la mvua la mwaka mmoja halithibitishi mabadiliko ya tabianchi, hilo linataka miaka kama 30, lakini hewa ikipanda joto kwa nyuzi 1 hubeba unyevu zaidi kwa karibu asilimia 7. Anayesema siku hizi mvua inamwagwa kwa ndoo hajakosea sana.

Saa 5 hadi saa 8. Nyumba kwa nyumba, na hapa ndipo kazi ilipo. Hodi, shikamoo bibi, kisha swali. Ukiuliza "mmesikia tangazo?" kila mtu atakujibu ndiyo. Weka mkono ukutani usawa wa goti, uliza: "Maji yakifika hapa, godoro linakwenda kwa nani?" Hapo kimya. Watu wa bondeni hawakosi taarifa, wanakosa pa kuweka mali, na wanaogopa wezi kuliko maji. Desemba 2011 zilinyesha zaidi ya milimita 150 kwa siku moja na zaidi ya watu 40 walikufa jijini, lakini yule ambaye kwake maji yaliishia dirishani anaamini yataishia hapohapo tena.

Kwa hiyo haondoki mtu mpaka daftari liwe na jina la mwenyeji mmoja wa mwinukoni aliyekubali kupokea watu na mzigo, na jina la kijana atakayembeba bibi. Vyeti, kadi ya kliniki, kitambulisho cha NIDA na leseni ya makazi vinaingia mfuko wa nailoni, kisha mfuko wa pili. Dawa za siku 7. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, regulata itolewe, mtungi wenyewe ukazwe kamba kwenye nondo za dirisha, maana huelea. Mein swichi izimwe miguu ikiwa mikavu. Na vitu visirundikwe juu ya kabati la chipboard: likilowa miguu huvimba na kuanguka na kila kitu.

Lipo pia la kuambiwa waziwazi: wanaotapisha vyoo mvua ikianza ndio wanaopeleka kipindupindu kwa jirani. Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa, yatiwe kidonge cha klorini kwa kipimo cha kwenye paketi, yasubiri dakika 30.

Saa 9 alasiri. Viroba vya mchanga. Jaza nusu hadi theluthi mbili tu. Kilichojaa hakilali, huacha mianya. Kunja mdomo uingie chini, panga kama tofali, kanyaga kila tabaka, tandika turubai upande wa maji. Mlango wa mita 1 kwa tabaka 3 hula viroba kama 15, kitako kipana na juu pembamba. Ukishaziba mlango maji huja kupitia chooni, kwa hiyo hesabu kwamba umenunua saa moja au mbili za kutoa vitu.

Saa 10 jioni. Bahari inajaa, macho kwenye nguzo ya daraja iliyopakwa rangi. Maji yakigusa njano wanaondoka wazee, wajawazito na watoto. Yakigusa nyekundu hakuna anayerudi ndani, hata kwa simu. Ishara ni filimbi ndefu tatu, kwa sababu spika ya msikiti hunyamaza umeme ukikatika. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi. Bajaji haingoji hata hapo.

Saa 2 usiku. Simu zote ziwe zimejaa chaji. Kila mjumbe anapigia nyumba tano, na nyumba isiyojibu inafuatwa kwa miguu. Namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, imeandikwa kwa makaa kwenye kuta za vibanda.

Saa 4 usiku. Nguzo inamulikwa kwa tochi, kila nusu saa. Maji yakipanda sentimita 10 kati ya vipimo viwili, nyumba za ukingoni zinaamshwa bila kusubiri njano. Zamu inapokewa saa 7, na tochi inakabidhiwa pamoja na betri za akiba.