Petroli ya 91 kwenye gari la mjomba

Mjomba hakuwahi kumpa mtu ufunguo wa Honda S2000 yake. Kwa hiyo aliponipigia simu mwaka 2013 na kuniambia nikalichukue gereji nimpelekee nyumbani, nilimuuliza mara mbili kama nimesikia sawasawa. Alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, daktari amemkataza kushika usukani kwa wiki sita, na gari lilikuwa limeshabadilishwa klachi, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwake.

"Mafuta yamebaki kidogo," aliniambia. "Jaza tangi kabla hujashika barabara kuu. Unajua linakunywa nini?"

Nikamjibu, "Najua, mjomba."

Na niliamini najua. Usiku wa kuamkia safari nilikaa na simu mkononi hadi saa saba, nikisoma kila nilichokipata juu ya gari lile. Nilishajua kwamba injini yake ni ya lita mbili tu, haina tabo, na bado inatoa nguvu farasi 250, na kwamba kwenye toleo la mwanzo mstari mwekundu wa mizunguko uko kwenye 9000 kwa dakika. Kitabu chake cha maelekezo nilikijua, kiko ndani ya gari, lakini chote kimeandikwa kwa Kijapani, kwa sababu gari liliuzwa Japani kwanza. Nikatafuta kitabu cha Kiingereza, nikapata cha Marekani. Kilisema wazi: petroli ya daraja la juu isiyo na risasi, oktani 91 au zaidi. Nikaandika 91 kwenye karatasi, nikaitia mfukoni, nikalala nimetulia.

Kituoni palikuwa na mipira mitatu kwenye pampu moja: 91, 95 na 98. Nilifungua kifuniko cha tangi nikaona kibandiko chenye mstari mmoja wa maandishi ya Kijapani, bila tarakimu hata moja. Mhudumu aliliangalia gari lilivyolala chini, akashika mpira wa 98 bila kuniuliza. Nikamzuia.

"Weka 91."

"Una uhakika, bosi?"

"Kitabu chake kinasema 91."

Akarudisha mpira, akachukua ule mwingine. Namkumbuka vizuri yule kijana kwa sababu alinyamaza kwa namna ya mtu mwenye neno lakini anaheshimu mteja. Zilikwenda lita 40 kamili. Tangi la gari lile ni la lita 50.

Kilomita 120 za kwanza barabara ilikuwa tambarare na sikuona kasoro yoyote. Kisha ukaanza mlima. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, kiyoyozi kinafanya kazi, nami niko gia ya sita na mizunguko haizidi 2500. Nilikuwa naliendesha kama ninavyoendesha gari langu dogo: gia ya juu, mguu unakandamiza, nikidhani huko ndiko kulitunza. Nilipokandamiza zaidi ili nilipite lori, nikasikia mlio. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu anatikisa changarawe chache ndani ya kopo la bati, kwa haraka, mahali fulani mbele ya magoti yangu. Nikainua mguu, ukakatika. Nikakanyaga, ukarudi. Mara ya tatu mlio ulikuwa hafifu, lakini gari likawa zito kama limefungwa kamba nyuma.

Nikalitoa barabarani, nikalizima. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilivuta kijiti cha oili, iko sawa. Kipimo cha joto kilikuwa kimesimama pale pale kilipokuwa tangu asubuhi. Nilipoona vyote viko salama ndipo hofu ikazidi, kwa kuwa sasa tatizo lilikuwa ndani kabisa, mahali nisipoweza kufika kwa mkono. Sikuwa na njia nyingine, nikampigia.

Mjomba alifanya kazi ya mitambo maisha yake yote. Nilimweleza mlio. Hakuniuliza oili wala joto.

"Uliweka petroli ipi?"

"91, mjomba. Ndiyo iliyoandikwa kitabuni."

Kimya kidogo. "91 ya nani?"

Sikuelewa swali. Nilidhani namba ni namba.

"Kitabu ulichosoma ni cha wapi?"

"Marekani."

Nilisikia akishusha pumzi, kisha akaanza kunieleza polepole, bila kufoka, na jambo hilo mpaka leo namshukuru nalo. Oktani, aliniambia, ni namba ya jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kulipuka yenyewe. Hupimwa kwa injini maalumu ya silinda moja ambayo kompresheni yake, yaani kiasi inachobana hewa na petroli ndani ya silinda, inaweza kupandishwa na kushushwa, na kuna namna mbili za kupima. Ya kwanza injini huzunguka mara 600 kwa dakika. Hiyo ndiyo inayoitwa RON, na ndiyo namba inayoandikwa kwenye pampu katika nchi nyingi duniani. Ya pili injini huzunguka mara 900 na mchanganyiko wa hewa na petroli hupashwa moto zaidi, kwa hiyo petroli ile ile hupata alama ndogo. Hiyo ni MON. Marekani hujumlisha hizo mbili, hugawa kwa mbili, na wastani huo ndio huwekwa kwenye pampu zao. 91 ya Marekani, kwa kipimo cha RON, inakaribia 95 au 96. Mimi nilikuwa nimesoma namba ya kipimo kimoja nikainunua kwenye pampu ya kipimo kingine.

"Na hilo la kwangu si la Marekani," akaongeza. "La kwao kompresheni yake ni 11 kwa 1. Hili la Japani ni 11.7. Wajapani wana petroli wanayoiita haioku, kwa kiwango chao haishuki chini ya 96. Ndiyo iliyoandikwa kwenye hicho kibandiko."

Nilikuwa nimeegemea mlango wa gari, simu sikioni, nikikitazama kile kifuniko kidogo cha tangi. Jibu lilikuwepo pale pale mbele ya macho yangu wakati mhudumu ananiuliza.

Kisha akanipa maagizo. Zima kiyoyozi. Shuka gia: mlima wote upande kwa gia ya tatu au ya nne, mizunguko iwe 3500 hivi au zaidi kidogo, mguu mwepesi. Nilishangaa, maana nilidhani kuzungusha injini haraka ndiko kuitesa. Akasema hapana, kinachoitesa ni mzigo mzito kwenye mizunguko michache, kwa kuwa petroli inakaa muda mrefu ndani ya silinda ikibanwa na kupashwa joto, na ile ambayo bado haijafikiwa na moto wa plagi inalipuka yenyewe. Huo mlipuko ndio uliokuwa unatikisa changarawe. Injini inapozunguka haraka, moto wa plagi unaiwahi.

"Na huo uzito ulioupata mwishoni ni gari lenyewe linajikinga. Kuna sensa imefungwa kwenye bloku, inasikiliza. Ikisikia mlipuko huo, ndio tunaouita kugonga, kompyuta inachelewesha cheche. Nguvu zinapungua, mafuta yanaliwa zaidi, lakini pistoni inapona. Usilazimishe. Kalamu unayo?"

Nilikuwa nayo. Risiti ya petroli ilikuwa mfukoni pamoja na karatasi yangu ya 91. Akanitajia hesabu nami nikaandika nyuma ya risiti, nimeilaza juu ya boneti iliyokuwa bado ya moto: lita 10 za 98 zilizokuwemo, lita 40 za 91, jumla inatoa kama 92.4. Likifika nusu ya tangi, ongeza lita 25 za 98, utapata 95 na kitu. Si kamili, lakini linaweza kwenda nyumbani bila madhara.

Nikapanda mlima ule kwa gia ya tatu, malori yakinipita kila panapokuwa na nafasi, na masikio yangu yote mawili yakiwa ndani ya injini. Sikuwasha redio safari nzima. Hadi leo nikipanda mlima na gari lolote, mkono huenda wenyewe kuzima redio. Tangi lilipofika nusu nikaongeza zile lita 25, nikamsimamia mhudumu nikisoma namba kwenye mpira kabla hajauingiza. Nilifika usiku.

Asubuhi yake mjomba alitoka na kile kibandiko cha jicho usoni na bisibisi mkononi. Hakusema neno juu ya jana. Akafungua kava la koili, akanielekeza nifungue plagi zote nne, tukazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda. Akaniletea kioo cha kukuzia. "Macho ni yako leo. Tazama kaure ile nyeupe. Nitajie unachokiona."

Anachotafuta mtu hapo ni vitone. Injini ikigonga sana, chembe ndogo za alumini hung'oka kwenye pistoni na kunata kwenye kaure, kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Nilizungusha kila plagi mara mbili, taratibu, kwenye mwanga wa jua. Ya kwanza safi, rangi ya kahawia hafifu. Ya pili safi. Ya tatu nilikaa nayo muda, kulikuwa na alama moja nyeusi. Nikaipangusa kwa kidole, ikatoka, masizi. Ya nne safi. Nilipomwambia, aliketi chini kwenye kigoda, na hapo ndipo nilipojua kwamba yeye naye hakulala.

Tulizungumza pale hadi mchana. Nilimkiri kwamba gari langu dogo nilikuwa nalijazia 98 kila mwisho wa mwezi, nikiamini ni petroli yenye nguvu zaidi na inaisafisha injini. Akatikisa kichwa. Oktani si nguvu, alisema. Ni uvumilivu wa petroli kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati wake. Injini iliyotengenezewa 91 haina kazi ya kuipa huo uvumilivu wa ziada. Dawa za kusafisha ni habari nyingine, hazipimwi kwa namba ile.

Kipimo chenyewe, aliniambia, kilianza na Graham Edgar, mkemia wa Marekani, mwaka 1926: akachukua kimiminika kimoja kinachostahimili sana, isooktani, akakipa 100, na kingine kinacholipuka kwa urahisi, heptani, akakipa 0. Petroli ya 98 ni ile inayogonga sawa na mchanganyiko wenye isooktani 98 na heptani 2 katika kila 100. Heptani safi ya miaka ile ilipatikana kwenye utomvu wa aina moja ya msonobari. Nililipenda sana hilo, kwamba sifuri ya kila pampu ya petroli iliwahi kukamuliwa kwenye mti.

Wiki sita zikapita. Daktari alipomruhusu, mjomba alinipigia tena niende. Tulitoka wawili, kifuniko cha paa kimefunguliwa, tangi limejaa 98 tupu, hadi kwenye mlima mmoja ulio karibu na kwake. Alishuka hadi gia ya tatu, akakanyaga. Kwenye dashibodi ya S2000 hakuna mshale. Mizunguko ni mstari wa vipande vya mwanga unaopinda kuelekea kulia. Vikawaka kimoja baada ya kingine, 4000, 5000, na vilipofika karibu na 6000 sauti ikabadilika, ikawa nyembamba na kali, mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti.

"Sikia," akasema.

Nikasikiliza kama nilivyosikiliza siku ile. Upepo ulikuwepo, na injini. Kile kikopo cha changarawe hakikuwepo.