Ninavyouza vitu vilivyotumika mtandaoni bila kupoteza hela wala mali

Ninachouza sana ni vitu vya ndani: friji, luninga, majiko ya gesi, simu na kompyuta mpakato. Vingine ni vyangu, vingi ni vya ndugu na majirani wanaohama Dar es Salaam kwenda mikoani na hawataki kulipia lori la kubeba kila kitu. Natangaza kwenye mtandao wa Jiji, Facebook Marketplace na kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa. Waliozoea OLX watakumbuka kwamba mwaka 2019 biashara yake ya Tanzania, Kenya na Uganda ilichukuliwa na Jiji. Jina lilibadilika, ila kazi ni ile ile ya ubao wa matangazo. Hela ya friji inatoka kwa mnunuzi inakuja kwangu moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akinitumia linki na kuniambia nijaze namba ya kadi ya benki "ili mtandao ukulipe", najua hapo hapo ni tapeli, na mazungumzo yanaishia hapo.

Usalama unaanzia kwenye picha. Kitu nakipiga picha mchana, karibu na dirisha, nikiwa nimeondoa kila kinachoonyesha sura za watoto, namba ya gari uani au dhahabu iliyoachwa mezani. Kwenye kitu nabandika karatasi ndogo niliyoandika kwa mkono jina langu la kwanza na tarehe, nayo inaonekana kwenye kila picha. Kazi yake ni kumzuia mtu asichukue picha zangu na kutangaza friji langu kama lake, ujanja ambao nitaueleza mbele. Namba ya IMEI, ile inayoitambulisha kila simu, na namba nzima ya utambulisho wa kifaa (serial number) siziweki hadharani; nazionyesha ana kwa ana.

Kasoro naziandika zote: "mpira wa mlango umechanika chini, taa ya ndani haiwaki, linagandisha vizuri." Mnunuzi akigundua kasoro akiwa kwako, bei inaanza kujadiliwa upya huku kirikuu, kigari cha mizigo, kinasubiri nje, na muuzaji mwenye haraka hukubali mambo ambayo asingeyakubali akiwa ametulia. Bei naiweka wazi, na kama kuna kupungua naandika "maongezi yapo". Kamwe siandiki kwamba nasafiri Jumamosi au kwamba nyumba inabaki tupu. Tangazo la namna hiyo linamwita mwizi kabla ya mteja.

Ujumbe wa kwanza wa mnunuzi wa kweli mara nyingi ni mfupi: "Habari kaka, friji bado lipo? Mwisho kiasi gani?" Atauliza limetumika muda gani, linakula umeme kiasi gani, na kama anaweza kuja kuliona. Anayenitia wasiwasi ni yule asiyeuliza lolote kuhusu kitu. Anakubali bei bila kuomba hata kupunguziwa elfu tano, kisha anadai yuko mbali, ametingwa, atamtuma bodaboda, nimpe namba ya simu na jina la benki sasa hivi. Mwingine anasema amenitumia kodi, yaani namba ya uthibitisho, ya tarakimu sita kimakosa, nimsomee. Kodi hiyo ni ya kuingilia WhatsApp yako; ukimsomea, dakika chache baadaye anawaomba ndugu zako hela kwa jina lako. Namba ya siri na kodi yoyote inayoingia kwenye simu hazihusiani na kumuuzia mtu friji.

Sasa ule ujanja wa picha za kuibwa, kwa sababu unawaumiza watu wawili waaminifu kwa wakati mmoja. Tapeli anaona tangazo langu la friji la 380,000. Ananipigia kwa heshima zote: "Kaka, nimelipenda, ila niko Dodoma. Shemeji yangu atakuja kuliangalia. Usiongee naye habari za bei, tutamalizana mimi na wewe." Upande wa pili ameshatangaza friji hilo hilo kwa 250,000, na mtu aliyevutiwa na bei anamwambia: "Lipo kwa kaka yangu, nenda ukalione, ukiridhika nitumie hela mimi. Usimuulize bei, yeye anakaa nalo tu." Mnunuzi anafika kwangu, analiona friji la kweli linalogandisha, anatuma 250,000 kwa tapeli, kisha anaanza kuita vijana wa kubeba. Mimi sijapata shilingi, yeye ameshalipa, na namba ya Dodoma haipatikani tena.

Dawa yake ni maswali matatu ambayo namuuliza kila anayefika, hata kama amekuja na mama yake: umeliona tangazo wapi, umeambiwa bei gani, na unamlipa nani? Majibu yakitofautiana na tangazo langu, nafungua simu, namwonyesha tangazo lenyewe na bei yake, na kila kitu kinakaa wazi kabla hela haijatoka mfukoni mwake. Naongeza na hili: akituma kwa simu, jina litakalotokea kabla hajaingiza namba ya siri liwe langu, lile lile lililo kwenye kitambulisho changu cha NIDA ninachomwonyesha. Jina likiwa lingine, asitume.

Mahali pa kukutana panategemea ukubwa wa kitu. Simu na kompyuta mpakato nazipeleka sehemu yenye watu, mchana: ndani ya benki, kwenye mgahawa wa jengo la maduka, au karibu na kituo cha polisi. Tunakaa mezani. Simu siishiki mkono kwa mkono na mtu aliyekaa juu ya pikipiki inayowaka, na siingii kwenye gari la mnunuzi "kwenda kutoa hela ATM". Akitaka kutoa hela, aende, nitamsubiri pale pale.

Friji halibebeki kwenda mgahawani, na mnunuzi ana haki ya kuliona likifanya kazi. Kwa hiyo nalihamishia sebuleni karibu na mlango au barazani penye umeme, nalisafisha, na kuliwasha tangu jana yake likiwa na chupa ya maji juu kwenye sehemu ya kugandisha. Naangalia na LUKU isije ikaishia njiani. Umeme ukikatika naahirisha. Wageni nawapokea kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na siku hiyo siwi peke yangu nyumbani. Maelekezo natoa kwa awamu: kwanza kituo cha daladala, akifika ananipigia, ndipo namfuata au namtuma kijana. Mnunuzi anaangalia barafu, anasikiliza kompresa, anabana noti kwenye mpira wa mlango na kuivuta aone kama unashika. Hana sababu ya kupita vyumbani.

Tufike kwenye hela, ambako ndiko watu wengi wanakopoteza. Ujumbe wa kughushi ni rahisi sana kutengeneza. Una jina lako, kiasi, namba ya muamala na hata salio la uongo. Wa M-Pesa halali huingia kwa jina la M-PESA. Wa tapeli mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Lakini sitegemei jicho, kwa sababu mtu mwenye haraka haangalii juu ya ujumbe. Picha ya risiti ya benki kwenye simu ya mnunuzi nayo haina uzito wowote kwangu.

Ninachokifanya ni hesabu. Kabla hajatuma, naangalia salio langu mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa ya Vodacom, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa na sasa inaitwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money. Tuseme lina 42,300. Tumekubaliana 380,000 na atume na ya kutolea. Akisema ametuma, napiga tena menyu hiyo hiyo. Salio lisipofika angalau 422,300, hela haijaingia, hata kama ujumbe umeingia. Atasema mtandao unasumbua. Inawezekana kabisa, mitandao husumbua. Basi tunakaa, namkaribisha chai, friji linabaki lilipo. Mtu aliyetuma kweli atasubiri nusu saa au atapiga huduma kwa wateja mbele yangu. Asiyetuma huanza kufoka kwamba kirikuu kinamgharimu.

Hata hela iliyoingia kweli ina hatari yake. Mtumaji anaweza kudai alikosea namba na kuomba muamala urudishwe, na hela ikiwa bado kwenye salio lako inaweza kuzuiliwa wakati kampuni ya simu inachunguza. Kenya mtumaji anasambaza tu ujumbe wa M-Pesa kwenda 456. Ndiyo sababu namba ya muamala, ile ya herufi na tarakimu, naiandika kwenye karatasi ya mauziano na mnunuzi anasaini chini yake kwamba ni malipo ya friji. Ukiwa na karatasi hiyo, huduma kwa wateja wanakusikiliza kwa namna nyingine. Kuna na wale wanaopiga baada ya saa moja: "Nimezidisha elfu hamsini, nirudishie kwenye namba hii nyingine." Sirudishi kwa namba nyingine kamwe. Kama kweli kumezidi, aanzie kwa mtandao wake.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya wakala wa hela za simu. Namchagua mimi, wakala ninayemfahamu, na asubuhi namuuliza kama floti, yaani salio lake la kuhudumia wateja, inatosha. Mnunuzi anakuja na taslimu, anamkabidhi wakala, wakala anahesabu na kuziweka kwenye laini yangu. Mawakala wanashika noti kutwa nzima. Noti bandia wanaijua kwa vidole. Hapo mnunuzi hana ujumbe wa kunionyesha, na mimi sina fungu la hela la kutembea nalo.

Akilipa taslimu mkononi, tunahesabu mahali penye mwanga. Noti yetu kubwa ni ya elfu kumi, kwa hiyo 380,000 ni noti 38, na zote nazipitia. Nainua kwenye mwanga nione kichwa cha Mwalimu Nyerere ndani ya karatasi na ule uzi, kisha napitisha kidole kwenye maandishi yanayokwaruza. Fungu nililokwisha kulihesabu halirudi mkononi mwa mnunuzi. Akiomba "hebu nihakikishe kidogo", sawa, ila likirudi naanza kuhesabu tangu moja, kwa sababu kuchomoa noti tatu wakati wa kuhakikisha ni ujanja wa zamani.

Karatasi ya mauziano huchukua ukurasa mmoja: majina kamili ya wote wawili, namba za NIDA, namba za simu, aina ya kitu na namba yake, kasoro zilizotajwa, bei, namna ya malipo, tarehe, saini na shahidi mmoja. Kwa kitu cha thamani kubwa tunapita ofisi ya serikali ya mtaa. Inamlinda mnunuzi pia, maana kukutwa na mali ya wizi ni kesi, na anayenunua simu bila karatasi hana cha kuonyesha. Mnunuzi asiyetaka kabisa kuandika jina lake simuuzii.

Simu zina mambo yao. Kabla ya kukutana napiga *#06#, naandika IMEI, na mnunuzi anaweza kuituma kwenda 15090 aone kama ni simu halali. Naondoa laini na memori kadi, natoka kwenye akaunti ya Google kupitia mipangilio, ndipo nafuta kila kitu. Ukifuta kwa nguvu kabla ya kutoka kwenye akaunti, simu inapowashwa inadai nywila yako, na mnunuzi atarudi amekasirika kwa haki. Kwa iPhone nazima ile huduma ya kuitafuta simu kwanza. Simu ya mkopo ambayo haijamalizika siiuzi, kwa sababu inafungwa kwa mbali na aliyeinunua anabaki na kioo cheusi.

Wa mikoani akitaka mzigo kwa basi, namshauri amtume ndugu yake aliyeko Dar aje aone na kulipa. Akikosa, analipa yote kwanza, hela inathibitika kwenye salio, ndipo napeleka kifurushi stendi, nampigia picha kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa, na namtumia risiti ya mzigo. Friji kwa njia hii silipeleki. Likisafiri hata ndani ya jiji lisimame wima, na likifika lipumzike saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Likiwa lililazwa, bora lisubiri hadi kesho yake ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Hilo naliandika kwenye karatasi, maana malalamiko mengi ya "friji lako bovu" yanaanzia kwenye kirikuu.

Likishaondoka nafuta tangazo siku hiyo hiyo kila nilikoliweka, na picha za karatasi nazihifadhi pamoja na ujumbe wa mazungumzo. Ujumbe wa kitapeli siufuti. Nausambaza kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kufuata maelekezo ya kutaja namba ya aliyeutuma. Kama kuna hela iliyopotea, anayehusika aende polisi na picha hizo hizo akafunguliwe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake.