Damu ya Chausiku

Mbwa wangu Chausiku alimaliza joto, yaani siku zake za kutaka dume, mwezi wa tatu, lakini damu haikukata. Tone hapa, tone pale, kwenye saruji ya baraza letu hapa Tanga. Jirani akasema ni kawaida, nami nikamwamini wiki tatu nzima. Bado naumia nikikumbuka.

Daktari wa mifugo alivaa glovu, akafunua uke wa Chausiku taratibu, akanionyesha kinyama chekundu chenye vichwa vichwa kama koliflawa, ukikigusa tu kinavuja damu. Saratani ya kuambukizana kwa kupandana, akasema. Saratani inaambukizwaje? Akanieleza kwamba hapa hakuna kirusi: seli zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja na kuota kwa mwingine, hata kwa kulambana au kunusana. Zote zilianzia kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Yeye alishakufa zamani, uvimbe wake bado unatembea mitaani.

Binadamu hatuambukizwi.

Tiba ni vinkristini, sindano ya mshipani mara moja kwa wiki, na damu hupimwa kwanza kwa sababu dawa hushusha chembe nyeupe. Mguu nilimshika mwenyewe asitikisike, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Baada ya sindano ya pili matone yalipungua. Ya tano, daktari hakuona kitu.

Jike wako akivuja damu na joto limeshapita, mpeleke kesho asubuhi, usingoje kama mimi.

Jana nimedeki baraza. Maji yametoka meupe.