Imerudi wapi?

Kwa miezi minne sasa siku yangu huanza kwa kuinama. Kabla ya kufagia baraza, kabla hata ya chai, naingiza mkono chini ya Land Rover ya marehemu baba na kuvuta boksi la sabuni ninalolitandika pale kila usiku, usawa wa difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Alama za mafuta nimezisoma mpaka nimezizoea: tone la saizi ya kifungo cha shati ni siku njema, duara la sahani ya chai ni siku ya kununa.

Gari lenyewe ni 109 Series IIA, toleo lililotengenezwa Uingereza kati ya 1961 na 1971. Baba alilinunua likiwa limeshachoka, likambebea zabibu za Mpunguzi misimu miwili kila mwaka mpaka magoti yake mwenyewe yakakataa kupanda. Alipofariki, ndugu walitaka liuzwe kwa kilo. Nikasema nalichukua mimi. Sababu ya maana sikuwa nayo, zaidi ya kwamba nilijifunza kuandika jina langu kwenye vumbi la kioo chake.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu Chang'ombe. Mambo ya magari nimeyajulia kwa huyu mzee mwenye gereji chini ya mti, njia ya Kizota. Nikifika husema, "Mbukwa, mwanangu," namjibu kwa Kigogo changu cha kuombea maji, halafu naongeza shikamoo ya Kiswahili nisije nikaonekana sina adabu. Siku ya kwanza alilala chini ya gari, akapapasa, akatoka na kidole cheusi. "Gasketi ya difu imekwisha. Na za kwenye habu nazo hivyo hivyo."

Gasketi tatu tu, zile karatasi zinazobanwa kati ya vyuma viwili mafuta yasipite. Moja kubwa ya duara yenye matundu 10, inayokaa kati ya difu na nyumba yake, na mbili ndogo za matundu 6 za kwenye habu, vitovu vya magurudumu. Nikaanza na maduka ya spea ya hapa mjini. Za Hilux zipo, za Noah zipo, za Fuso usiseme. Kijana mmoja akaniuliza, "Dada, kwani hilo gari bado linatembea?" Binamu yangu akapita Gerezani, kule Kariakoo, akaniletea sili, zile pete za kuzuia mafuta, na beringi, gasketi hakuna. Tukaagiza Uingereza. Zikafika baada ya wiki saba, zimebanwa kwenye bahasha, na matundu hayakulingana na boliti. Mzee akasema hao wametuma za gari jingine. Nikaamini, nikazitupia kabatini. Sasa najua tuliwasingizia.

Kulifungua kwenyewe, nikiri, ni kazi inayopendeza kutazama. Hafu shafti za Land Rover hizi, vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu, hazibebi uzito wa gari. Uzito uko kwenye habu na beringi zake. Kwa hiyo mzee alifungua boliti 6 kila upande, akavuta chuma kirefu kama mtu anayechomoa upanga alani, na gurudumu likabaki limesimama pale pale kama halihusiki. Zikishatoka zote mbili na propela shafti, ile inayoleta nguvu kutoka giaboksi, ikaachiwa, difu zima linatoka kwa mbele, zito kuliko debe la maji. Humo ndani hutakiwa kuwa na lita 1.75 za mafuta ya gia, EP90. Kwenye karai letu hata lita moja haikufika.

Gasketi ya kwanza mzee aliikata kwa boksi. Mafundi wengi hufanya hivyo na sitawacheka, ila lichane boksi ubavuni uone: lina mawimbi na uwazi katikati, na mafuta ya moto hupita humo kama maji ya mfereji. Ilidumu siku tatu. Ya pili ikawa silikoni nyekundu peke yake. Ilizuia, lakini alipofungua tena kukagua tukakuta vipande vyake vinaogelea karibu na beringi. Sikuipenda.

"Wewe si unakata kola?" mzee akaniambia. "Haya, kata na hii."

Nikanunua shiti ya karatasi ya gasketi yenye unene wa nusu milimita, nikaenda nayo gereji na mkasi wangu mzuri, ule ambao wanafunzi wangu hawaruhusiwi kuugusa. Mzee alichanganya grisi na masizi ya sufuria, akapaka kidogo uso wa difu, akaikandamiza karatasi, ikatoka na picha yake: duara mbili na alama 10. Wapo wanaoigonga karatasi kwa nyundo ukingoni mwa chuma mpaka ijikate yenyewe. Yeye hataki kusikia. Kila pigo linaacha kinundu, anasema, na kinundu ni njia ya mafuta. Jingine alilonisisitizia ni matundu kwanza, mkasi baadaye, maana karatasi ikishakuwa pete nyembamba inacheza na tundu linakwenda upande. Panchi yake ni kipande cha bomba la chuma alichokinoa mdomo kwa tupa. Unakisimamisha juu ya gogo, pigo moja, na kisahani cha karatasi kinabaki kooni mwa bomba.

Nilimaliza saa nne asubuhi. Tukaijaribisha, matundu yote 10 yakaingia, mzee akapiga kofi. Nikaitundika kwenye msumari tukaenda kutafuta chakula, na mazungumzo yakatuchukua. Ilikuwa Septemba, na Dodoma ya Septemba mnaijua: upepo, vumbi, midomo kupasuka, nguo ya kwanza imekauka kambani kabla hujaanika ya mwisho. Saa tisa tukarudi kufunga. Matundu matano yakaingia, matano yakakataa. Nikachukua tepu yangu ya shingoni nikapima. Duara lilikuwa limepungua milimita mbili.

Mzee akaitazama panchi yake kwa mashaka. Mimi nikautazama msumari.

"Mzee, imerudi."

"Imerudi wapi?"

"Imerudi kama kitambaa."

Kila mshonaji anajua pamba hurudi, ndiyo maana kitambaa unakiloweka kwanza ndipo unakata, la sivyo mteja atakurudishia gauni la mtoto. Tofauti ni kwamba nguo hurudi ikishaoga, na karatasi hii hurudi kwa kiu. Nyuzi zake hunywa unyevu wa hewani zikavimba, hewa ikikauka zinajikaza. Nikailoweka kanga, nikaikamua, nikaiviringishia gasketi ndani na kuiweka kivulini kando ya mtungi. Nusu saa tu. Ikavaa boliti zote 10 bila kusukumwa. Tukaipaka mafuta ya gia pande zote mbili isikauke tena, mzee akakaza nati kwa kukingamisha, moja huku na ya mkabala kule, taratibu, kwa mizunguko mitatu.

Jioni ile nikaitoa ile bahasha ya Uingereza kabatini, nikazifanyia zile gasketi hivyo hivyo. Zikalingana. Kumbe zilikuwa zetu tangu mwanzo, zimekaushwa tu na maghala, na kabati langu likamalizia. Mzee aliposikia alikaa kimya, kisha akasema nisimwambie mtu kwamba aliwatukana.

Sasa ninacho kielezo cha bati kwa kila gasketi ya gari hili, vimening'inia ukutani pamoja na vielezo vya kola na mikono ya suti. Za akiba nazitunza kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ingefaa zaidi, lakini ilipigwa marufuku Juni 2019, na sijaililia kwa jambo lolote isipokuwa hili.

Wiki mbili baadaye boksi likalowa tena. Safari hii usawa wa gurudumu la kushoto, na breki ikaanza kuvuta upande mmoja. Nilikuwa tayari kuchana karatasi nyingine kwa hasira. Mzee hakugusa gasketi. Akapitisha kidole juu ya nyumba ya ekseli mpaka kwenye kipumulio, kidude kidogo hata macho hayakioni. Udongo wa shambani ulikuwa umekiziba ukawa tofali. Difu likipata moto hewa ya ndani hutanuka, ikikosa pa kutokea inayasukuma mafuta kwenye sili, na sili ya habu ndiyo iliyokuwa dhaifu. Mafuta yakaishia kwenye dramu la breki. Kukizibua kulichukua waya, petroli kidogo na dakika tano. Sili na viatu vya breki vilinichukulia hela ya magauni mawili.

Habari husambaa, kwa hiyo Alhamisi akaja baba mmoja wa Makole mwenye Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Anataka gasketi za mirija ya ekseli ya nyuma, na anazitaka leo. Nikanyanyua mkasi, mzee akanishika mkono. Kwenye Land Rover yetu gasketi ya difu kazi yake ni kuzuia mafuta, basi. Ikizidi unene kidogo hakuna atakayejua. Kwenye Volkswagen hiyo unene wa gasketi ndio unaopanga mrija ucheze kiasi gani, na kiwanda kilizitoa kwa unene tofauti kwa sababu hiyo. Nafasi haitakiwi kuzidi milimita 0.2. Weka nene mrija utagonga, weka nyembamba utabana. Nikamwomba alete kipande cha zile za zamani, hata kikiwa kimeraruka, mzee akipime unene kwa vernia, kipimo chake cha chuma. Hakufurahi. Nadhani alitegemea fundi cherehani amkatie kwa macho.

Leo asubuhi boksi lilikuwa kavu usawa wa difu, kavu usawa wa magurudumu yote mawili. Kulikuwa na tone moja tu, la saizi ya kifungo, huku mbele chini ya giaboksi. Nimelizungushia kalamu, nikaandika tarehe, nikaenda kufungua cherehani.