Kadi za sendofu zimenifunza adabu
Jamani mimi fonti ya Bodoni italiki, ile ya herufi za kulala, naipenda kufa, yaani ile "f" inavyojikunja juu na chini, mstari unanona halafu ghafla unakuwa mwembamba kama unywele. Chimbuko lake Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma kule Italia, kafa 1813 lakini kadi zetu bado anazipendezesha.

Sasa juzi nikaiweka kwenye kadi za sendofu ya binamu yangu, jina lake kuubwa katikati, likatoka safiii, nikajiona fundi. Si nikanogewa, nikaendelea nayo mpaka kwenye namba ya simu ya kuchangia, saizi 7, herufi nyeupe juu ya maruni! Kadi 150 zimetoka wino umemeza zile nywele zote, "n" imebaki vijiti viwili visivyojuana, sifuri zinasomeka kama mabano. Shangazi akapiga, "We mwanangu, hapa tunachanga kwa namba gani?"

Nikarudia usiku uleule, jina nimeliacha na Bodoni yake, vile vidogo nikavipa fonti nene isiyo na mbwembwe. Hela ya karatasi imetoka mfukoni kwangu, na Shangazi bado ananicheka.