Uvimbe Umetoka, Mionzi ya Nini?

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka: kwa mkaza mjomba, kwa wazee wa barazani pale Ngamiani, hata kwa jirani aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, mjomba wangu. Kama uvimbe umeshakatwa wote, mzee wa watu anapelekwa Dar kupigwa mionzi ya nini?

Siwalaumu. Upasuaji unaonekana. Mjomba alitoka na bandeji kichwa kizima, na paja nalo limefungwa, maana ngozi ya kuzibia utosi ilichunwa huko. Mionzi huioni, na wakati unapigwa huisikii.

Ila ugonjwa wa mjomba, dematofibrosakoma, una hila. Ni saratani adimu ya ngozi, inakua polepole kwa miaka, na ni nadra kusambaa mpaka mapafuni. Ubaya wake ni kwamba juu unaona kinundu kigumu tu, kumbe chini imeshatambaa kama ndago. Mara ya kwanza, kwenye hospitali moja, walikitoa kinundu wakashona, hata kipande hakikupelekwa maabara. Kikarudi palepale, kikubwa zaidi. Safari hii daktari alikata na sentimita 2 hadi 3 za ngozi isiyo na ugonjwa kuzunguka uvimbe, akashuka mpaka karibu na fupa. Mgongoni angeweza kuongeza. Kichwani nyama ya kuongeza iko wapi? Majibu ya maabara yakaonyesha ukingo mmoja bado una seli za saratani. Mionzi ni ya hizo. Tukasubiri kwanza kiraka cha ngozi kishike, kisha ratiba: siku 5 kwa wiki, kwa wiki 6.

Pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mimi nilivutiwa na kinyago. Bamba la plastiki lenye matundu linatiwa kwenye maji ya moto, likilegea wanalivutia usoni na kichwani, na baada ya dakika chache limekakamaa na sura ya mtu. Kila siku anavishwa, kinabanwa kitandani asitikisike. Mjomba, ambaye hata kofia havui mbele ya watu, alikilalamikia kuliko kisu. "Mpwa wangu, humo hata kukohoa unaomba ruhusa."

Wiki za mwisho ngozi ilibabuka, akawa mkali kwa kila mtu. Sasa anatakiwa kliniki kupapaswa kovu, hasa miaka 3 ya mwanzo, ambapo ugonjwa hurudi zaidi. Ameshaanza kunung'unikia nauli ya basi. Nimemwambia tiketi nakata mimi, yeye apande tu.