Treni ilivyotukwamisha njiani kwenda Gotham

Nianze na nauli maana ndo iliyoniuma. London St Pancras mpaka Nottingham, kwenda na kurudi, nimelipa pauni sabini na kitu, ipige kwa hela yetu unapata laki mbili na ushee, na safari yenyewe treni ikienda vizuri haifiki masaa mawili. Wanasema ukikata tiketi mapema unapata nafuu, sasa nani anajua mwezi mzima kabla kwamba Alhamisi hiyo atakuwa na nafasi ya kwenda Nottingham? Na kwa hela yote hiyo hupewi hata maji ya kunywa. Mabasi yetu ya Tanga yana joto na kelele lakini soda na biskuti unapewa.

Kilichonipeleka Uingereza ni harusi ya mpwa wangu, ilikwenda salama, tulikula, tulicheza, basi. Ila mimi nauza vitabu vya mitumba Dar, pale Posta, na miaka yote moyo wangu uko kwenye vitabu vya vichekesho, vile vyembamba vya bei ya chini ambavyo msomi hawezi kuviweka kabatini kwake. Waingereza wamevichapa kwa karne na karne, nikasema siku zilizobaki siendi kuangalia saa yao kubwa wala kubadilisha walinzi wa mfalme, nafuata vichekesho vilikotoka, mpaka kijiji cha Gotham huko karibu na Nottingham.

Siku ya kwanza nikaenda Fleet Street, mvua inanyesha ile ya kipumbavu isiyoisha na isiyolowesha vizuri, kahawa pauni nne na nusu, na kiti unakaa kama unagombana nacho. Kwenye vichochoro vya Whitefriars hapo karibu ndiko mchapaji aliyejiandika T. Read alikotoa kitabu cha Joe Miller's Jests mwaka 1739. Vichekesho 247, bei shilingi moja. Shilingi ya wakati ule ilikuwa peni 12, na vijitabu vya mitaani ambavyo wachuuzi walizunguka navyo kijiji kwa kijiji vilikuwa peni moja tu, kwa hiyo hiki kilikuwa cha watu wenye kidogo mfukoni. Na kikanunuliwa kweli, mwaka huohuo kikarudiwa kuchapwa.

Sasa sikilizeni hii maana mimi imenikera sana. Joe Miller alikuwa mwigizaji wa jukwaa la Drury Lane, alifariki 1738. Kitabu kimetoka mwenyewe yuko kaburini! Hakuandika hata mstari. Aliyekusanya ni mtu anaitwa John Mottley, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyekuwa na shida ya hela, akajificha nyuma ya jina la bandia Elijah Jenkins, akamtwisha marehemu vichekesho vyote vile. Wachapaji wengine wakaona biashara inalipa, wakaongeza vya kwao, kitabu kikanenepa miaka zaidi ya mia jina ni lilelile, mpaka Waingereza wakawa wakisikia kichekesho kilichochakaa wanasema hicho ni Joe Miller. Yaani mtu aliyechekesha watu ukumbini kwa jasho lake, jina lake likaishia kuwa la kitu kilichochacha. Alizikwa Portugal Street, kiwanja cha makaburi hakipo tena, paliwekwa hospitali ya King's College, nayo ikahamia Camberwell 1913, leo ni majengo ya chuo cha LSE na vijana wanapita na mabegi yao. Niliwauliza wawili watatu kama wanamjua Joe Miller, hakuna. Niliumia kweli.

Upande wa Charing Cross Road nikaingia duka moja la vitabu vikuukuu, nikapata Joe Miller ya kuchapwa upya jalada limechoka, pauni 18, na hapohapo kitabu kingine kilichokusanya vichekesho vya zama za Shakespeare, pauni 22. Nimeomba punguzo muuzaji akaniangalia kana kwamba nimeomba figo. Kwangu Posta bei ya kwanza ni salamu tu, halafu ndo tunaongea. Nikalipa.

Basi treni. Tumetoka St Pancras vizuri, tukapita Leicester, halafu katikati ya mashamba ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Kimya. Baadaye sana spika ikasema kuna ng'ombe wameingia relini, tunaomba radhi. Nikajua nimefika nyumbani, maana haya ya ng'ombe na reli mtu wa Reli ya Kati hafundishwi. Tofauti ni watu. Kwetu treni ikisimama hivyo kabla hata injini haijapoa kuna mtu ameshatoa karanga, mwingine anasimulia ajali ya mwaka gani sijui, watoto wameshashuka. Pale behewa zima kila mtu na simu yake, hakuna anayemwangalia mwenzake, viyoyozi vimezimwa, vioo havifunguki, na hewa inaanza kuwa nzito.

Mimi nikafungua Joe Miller wangu. Nikafika pale pa mahubiri. Mchungaji anahubiri kanisani kijijini, mahubiri ya kuchoma moyo, watu wote wanalia machozi isipokuwa bwana mmoja amekaa mkavu. Wakamuuliza, wewe mbona hulii na wenzako? Akajibu, aa mimi parokia yangu nyingine. Nilicheka nikashindwa kujizuia, kicheko cha Tanga kile cha kupiga paja, behewa lote likageuka. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, mtu mzima sana, kofia ya sufu, akaniuliza kwa upole kuna nini. Nikamsomea. Akacheka mpaka akavua miwani. Kijana mwenye laptop pembeni akatoa vile vidude vya masikioni akasema rudia sijasikia. Nikarudia kwa sauti.

Bibi akauliza unakwenda wapi na hicho kitabu, nikamwambia Gotham. Uso wake ukabadilika kabisa! Akasema mama yake alizaliwa kijiji cha jirani na hapo, na tangu utoto wake watu wa Gotham ndo waliokuwa wakisimuliwa. Kwa wasiojua, kuna kijitabu cha karne ya 16 cha wendawazimu wa Gotham, kijiji karibu na Nottingham. Hao ndo waliomjengea ua ndege aitwaye cuckoo, ambaye kwao huja na majira mazuri, ili asiruke na majira mazuri yasiishe, ndege akaruka juu wakasema tungejenga ua mrefu zaidi. Hao ndo walioukamata mkunga uliokula samaki wao bwawani, wakakaa baraza, wakauhukumu adhabu ya kifo kwa kuutosa majini. Na yuko mmoja ninayempenda mimi kama mfanyabiashara, ana jibini za kupeleka sokoni Nottingham, moja ikamponyoka ikabingirika mlimani, akasema kumbe mnaweza kwenda wenyewe, akazibingirisha zote zikatangulie, mwenyewe akaenda kuzisubiri sokoni. Soko likaisha hazijaja. Akakodi farasi kuzifuata York, akiamini kwa mwendo ule zimepitiliza.

Bibi alichosimulia yeye ni cha wanaume 12 waliokwenda kuvua. Wakati wa kurudi wakasema tujihesabu asije akawa mmoja amezama. Kila anayehesabu anapata 11 maana anajisahau mwenyewe. Wakaangua kilio, wakarudi mtoni kutafuta maiti. Akapita mtu wa ikulu amepanda farasi, akaona mambo yalivyo, akasema nikimpata mwenzenu mtanipa nini? Wakasema hela zetu zote. Akachukua mjeledi, kila mmoja anamchapa begani anahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka wa 12, huyu hapa mwenzenu! Wakamshukuru na kumwombea baraka.

Jamani nywele zilinisimama. Nikamwambia bibi hiki mimi nimelala nacho, bibi yangu mzaa mama Pangani alinisimulia cha Juha na punda wake kumi, akipanda mmoja akihesabu anaona tisa, akishuka anaona kumi, akipanda tena tisa, mwisho akasema bora niende kwa miguu nipate punda kuliko nipande nipoteze. Wale wa Gotham na huyu Juha wetu aliyetoka kwa Waarabu, hesabu ni ileile! Behewa likalipuka. Mama mmoja na watoto wake wakahamia viti vya karibu, kijana wa laptop kaifunga kabisa, ng'ombe wakasahaulika.

Hapo ndipo nikasoma cha Mwelsh, yaani mtu wa Wales, majirani wa Waingereza. Kinatoka kwenye A Hundred Merry Tales, kitabu cha vichekesho cha Kiingereza cha zamani sana, John Rastell alikichapa London na nakala yenye tarehe ni ya 1526, hata kwenye mchezo mmoja wa Shakespeare, Much Ado About Nothing, mhusika aitwaye Beatrice anasutwa kwamba maneno yake ya kuchekesha ameyatoa humo. Kisa ni hivi, mbinguni Wawelsh walijaa na makelele yao yakawachosha wote, Mungu akamwambia Petro angependa watoke. Petro akatoka nje ya lango akapiga ukelele, jibini ya kuchoma! Wawelsh wote wakakimbilia nje, Petro akaingia ndani akafunga lango. Watu wakacheka, na nyuma yangu sauti ikasema, mimi Mwelsh.

Kimya kikarudi. Jamaa mnene wa makamo, hakukasirika lakini hakucheka. Akasema hicho wametupigia miaka 500, kazini nasikia, kwenye mpira nasikia. Nikageuka nikamwambia ndugu yangu, kwetu kuna utani. Mngoni na Mhehe babu zao walipigana vita vya kuuana, leo ni watani, Mhehe akifiwa Mngoni anakuja anajilaza kaburini hazikwi mtu mpaka wafiwa watoe chochote, na mwaka mwingine Mhehe atalipiza palepale, hakuna kununa. Ila inakwenda na kurudi. Hiki kitabu kinakwenda tu, waliochapa ni London, na wewe hukuwekewa ukurasa wa kujibu. Jibu sasa hivi.

Akafikiri kidogo, akasema, sisi hatukudanganywa. Tulitoka kwa hiari yetu, maana pepo isiyokuwa na jibini ya kuchoma Waingereza kaeni nayo wenyewe. Hapo walicheka Waingereza kuliko wote, bibi alimpigia makofi, na yeye mwenyewe akacheka akawa mwekundu. Mimi nasema hilo jibu lingetakiwa lichapwe kwenye ukurasa unaofuata tangu enzi hizo.

Treni ikaondoka. Cha ajabu ilipoanza tu kutembea kila mtu akarudi kwenye simu yake, ila kushuka Nottingham tuliagana kwa kupeana mikono kama tumetoka msiba mmoja.

Gotham penyewe sina mengi. Basi kutoka mjini, kijiji kidogo kisafi, baa inaitwa Cuckoo Bush, kilima kina kituta cha kaburi la kale sana wanakosema ua ulijengwa, tope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Wenyeji wana maelezo yao kwamba babu zao hawakuwa wajinga, walijifanya wendawazimu ili Mfalme John asipitishe njia kijijini, maana akipita mfalme barabara inakuwa ya umma na gharama zinawaangukia wao. Nimelipenda hilo. Na vijana mnaoangalia Batman mjue, ule mji wa Gotham jina limetoka hapa, mwandishi Washington Irving mwaka 1807 aliwatania watu wa New York kwa kuita mji wao Gotham, likanata.

Nikirudi London usiku nilikuwa nawaza kitu kimoja tu. Kile kitabu cha Rastell kilisomwa mpaka kikaisha, Uingereza kikawa kama kimepotea. Mwaka 1815 padri mmoja, Conybeare, akakuta karatasi zake zimegandishwa ndani ya jalada la kitabu kingine, yaani zilitumika kama boksi la kukazia gamba. Nakala kamili ya 1526 haiko hata Uingereza, ipo maktaba ya Göttingen, Ujerumani. Sisi tumeyaona haya kwa macho. Sani, lile jarida letu la katuni, nilizosoma nikiwa shule, zenye kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, tulizipasiana darasani mpaka zikawa nyuzi, halafu zikafungia karanga na vitumbua. Wakenya nao walikuwa na katuni ya Juha Kalulu kwenye gazeti la Taifa Leo, nani kakata akaweka? Hadithi za Zanzibar alizozikusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere tunazo kwa sababu zilichapwa London 1870, na mtu akitaka kuona chapa ile ya kwanza afadhali atafute viza. Hii inaniuma kuliko nauli. Tungo za dini tumezitunza, mashairi ya wakubwa tumeyatunza, vilivyotuchekesha tukafungia bagia.

Uwanja wa ndege wakanitoza pauni 60 za uzito uliozidi, kwa ajili ya vitabu, nikalipa nikiwa nimekunja uso.

Kwa hiyo nanunua. Sani za zamani, vijarida vya katuni, vijitabu vya vichekesho vya Kiswahili vya miaka yoyote, hata kama jalada halipo, hata nusu, hata ile karatasi yenye alama ya mafuta mradi maandishi yanasomeka. Alonavyo aje kibandani Posta, bei tutaongea.